Mkuu imefura: vile tulimuaga Mwalimu Simiyu, kocha wetu

Wakuu, niaje.

Kila nikiandika hilo neno "wakuu" humu ndani huwa nacheka peke yangu. Mkivumilia mpaka mwisho mtajua sababu. Haya yote yalitokea na sijatia chumvi, mashahidi ninao na mmoja wao yuko humu jukwaani.

Juzi tulimuaga Mwalimu Simiyu katika kanisa moja hapo tao Nairobi, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Bungoma. Kwa wale hawakumjua, alitufundisha kwenye shule fulani ya kutwa huku upande wa Waiyaki Way. Darasani alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Jioni alikuwa kocha wa riadha. Na kwa sababu shule haikuwa na nesi, yeye ndiye alikuwa daktari wa miguu, na mkoba wake mweusi wa bandeji na mafuta ya kuchua haukumtoka begani.

Mzee alihamia Nairobi akiwa kijana, lakini ulimi wake ulikataa kuhama. Ulibaki Bungoma.

Kwake G ilikuwa K. B ilikuwa P. D ilikuwa T. Gari ilikuwa kari, bado ilikuwa pato, na ukimuuliza saa ngapi tunaanza training anakuuliza, "Training kani?"

Sasa fikirieni mtu huyo akifundisha Form One somo la sauti ghuna na sauti sighuna. Wale mlisoma huku Kenya mnakumbuka, unaweka vidole kooni, unasema G koo linatetemeka, unasema K halitetemeki.

Mwalimu akasimama mbele, akaweka vidole kooni, akasema leo tunasoma sauti kuna na sauti sikuna. Akatuambia tuseme pamoja naye: K. Tukasema. Halafu akatuambia tusikie tofauti na hii ingine: K.

Darasa zima tulikuwa na vidole kooni, tukitafuta hiyo tofauti. Mpaka leo sijaipata, lakini Kiswahili kwa mtihani nilipita vizuri, na ni yeye alinipitisha.

Msidhani nilikuwa na haki ya kumcheka. Mimi ni mtu wa Mountain View, kwetu ni Wakikuyu wa hapo tangu zamani, na L kwangu hugeuka R nikishikwa na wasiwasi. Siku yangu ya kwanza shuleni nilimuuliza, "Mwarimu, tunaenda kura saa ngapi?"

Akaniangalia kwa upole. "Kura ni mpaka mwaka wa uchakuzi."

Kutoka siku hiyo nikaitwa Kura. Hata wife ananiita hivyo.

Jioni hiyo hiyo nikajiunga na timu. Ilikuwa Julai, maana nilihamia hapo katikati ya mwaka, na mnajua ile baridi ya Nairobi ya Julai, kwa hivyo nilifika uwanjani na bleza ya shule juu ya nguo za michezo. Tukapangwa kwa mstari, filimbi ikalia, tukaanza kukimbia. Mwalimu akapiga kelele kutoka pembeni, "Makoti juu! Makoti juu!"

Alimaanisha magoti. Tuinue magoti tukikimbia.

Mimi nilikuwa mgeni. Nilisikia makoti. Nikashika bleza yangu nikaivuta juu mpaka ikafunika kichwa, nikaendelea kukimbia hivyo, sioni mbele, nikijiambia hii lazima ni mbinu ya kuongeza pumzi. Nilikimbia moja kwa moja mpaka ndani ya ua wa kayaba. Mnajua miiba ya kayaba.

Walinitoa nimechanwa mikono yote. Mwalimu akafungua mkoba, akainama, akaangalia vile ninavuja, akasema pole pole, "Hii tamu ni nyingi."

Nilivuta mkono haraka sana. Nilidhani ameonja.

Wenzangu walilala chini kwa kicheko. Mwalimu hakuelewa wanacheka nini, lakini na yeye akaanza kucheka kwa sababu wanacheka, huku akinipaka spiriti. Ilikuwa inachoma vibaya na sikusikia uchungu mpaka nilipofika nyumbani. Nilimpenda yule mzee kutoka hapo.

(Kwa wale watauliza tulikuwa tunafanyia wapi mazoezi ya barabara: Loresho. Barabara nzuri, kivuli, na kila geti lina mbwa. Mwalimu alisema mbwa wa Loresho ni makocha wasaidizi.)

Sasa hii ndiyo stori yenyewe. Mguu.

Mguu kwa Mwalimu Simiyu ulikuwa "mkuu". Na kwa sababu alikuwa akifika uwanjani anaacha ngeli zote darasani, alisema "mkuu yako", "mkuu ya kushoto", "nyoosha mkuu". Sisi wa timu tulizoea. Mguu wa mtu ukiitwa mkuu tunajua si Mwalimu Mkuu.

Nikiwa Form Three, wiki ya kuelekea mashindano ya mkoa, nikakanyaga shimo uwanjani. Kifundo kikajikunja, na kabla sijamaliza kuanguka kilikuwa kimeshafura. Mwalimu akafika, akanishika mguu, akaangalia pande zote amtume mtu barafu. Aliyekuwa karibu na geti ni Odhis, kijana wa Kangemi ambaye alikuwa amehamia kwetu muhula huo. Alikuwa mbali, haoni kinachoendelea.

Mwalimu akamwita kwa nguvu: "Odhis! Mkuu imefura! Kimbia kantini, lete parafu!"

Odhis akasikia vile angesikia mtu yeyote timamu. Akakimbia kantini akamwambia mama anayeuza pale kwamba Mkuu amefura na Mwalimu Simiyu anataka barafu haraka.

Yule mama alikuwa anauza zile barafu za rangi za kwenye karatasi ya nailoni. Akamwaga zote kwenye beseni. Lakini hakuenda uwanjani. Angeenda uwanjani kufanya nini, na Mkuu yuko ofisini?

Wakuu, lazima niwaambie kitu kuhusu Mwalimu Mkuu wetu. Alikuwa mkali, lakini Mungu alimjalia mashavu. Hata siku ya kawaida ungedhani jino linamsumbua. Kwa hivyo mama wa kantini alipofungua ule mlango, bila kubisha, aliona kwa macho yake kwamba kweli Mkuu amefura, tena pande zote mbili.

Ofisini kulikuwa na wazazi wa bodi. Odhis anasema yule mama hakuwasalimia. Alienda moja kwa moja akamshika Mkuu kichwa, akambandika barafu ya nyekundu shavu moja na ya machungwa lile lingine, akimwambia pole baba, tulia, itashuka.

Haikushuka.

Sisi tuko uwanjani, mimi nalia, tunashangaa mbona barafu haifiki. Tukamwona Mkuu anakuja mwenyewe. Kola ya shati imelowa rangi nyekundu. Nyuma yake mama na beseni, nyuma ya mama Odhis, nyuma ya Odhis wazazi wa bodi.

Akasimama juu yetu. "Simiyu, nani amesema nimefura?"

Mwalimu alikuwa amepiga magoti na mguu wangu mikononi. Akauinua kidogo ili auone vizuri, akajibu kwa heshima zote.

"Si wewe, mkuu. Ni hii mkuu."

Mkuu akauangalia mguu. Akamwangalia Mwalimu. Akachukua lile beseni kutoka kwa mama, akaliweka chini karibu nami, akasema, "Basi mtibu mwenzangu." Halafu akageuka akaenda. Alipopita kona ya stafurumu tukamsikia akicheka, na hatukuwa tumewahi kumsikia akicheka tangu tuingie ile shule.

Nilichuliwa mguu na barafu za juisi mpaka nikafuatwa na nyuki.

Sasa tuache kucheka kidogo. Kifundo kilikuwa kibaya, na baba yangu alikuwa ameamua mambo ya kukimbia yameisha, mguu huu ni wa kwenda shule tu. Mwalimu Simiyu akaanza kuja kwetu Mountain View jioni baada ya kazi, kwa miguu, na mkoba wake. Ananichua, anafunga bandeji, anakula githeri ya mama, anaongea na baba kuhusu mahindi. Kuhusu riadha hakumwambia neno. Akaja hivyo mpaka siku moja baba mwenyewe akamuuliza, "Na huyu atarudi kukimbia lini?" Mashindano ya mkoa yalikuwa yamepita zamani, lakini mwaka uliofuata nilikimbia, na baba alikuja kuangalia. Hakuna mwanamume mwingine ambaye si wa ukoo wetu amewahi kunifanyia kitu kama hicho.

Basi, tukirudi kwa msiba.

Wale wa timu ya zamani tulikutana mkahawani hapo Adams Arcade kupanga, tukiwa na Nekesa, binti yake Mwalimu. Wakanichagua mimi niongee kanisani kwa niaba ya wanariadha. Sababu ilikuwa wazi, kila mtu kwenye grupu letu anajua hakuna anayemuiga Mwalimu kunishinda. Watu walikuwa wameshaanza kucheka mapema.

Nekesa hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniangalia.

"Watu wamemcheka dadi tangu niko primary. Hata kwa harusi yangu MC alimuiga. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili miaka yote hiyo na kitu watu wanakumbuka ni vile alikuwa anaongea. Hiyo siku, please, mtu asimuige."

Nikamwahidi. Ningesema nini? Alikuwa na haki, na sikutaka mzee aende akichekwa. Lakini pia niliona shida yangu: kila neno la Mwalimu nililobeba kichwani lilikuwa na ile sauti yake. Nikiiondoa, sijui ni nani nitakuwa nazungumzia.

Nikaandika hotuba safi. Nikaifanyia mazoezi bafuni. Wife akasikiliza kupitia mlango akaniambia nasikika kama msomaji wa taarifa ya habari.

Siku ikafika. Kanisa limejaa, baridi kali, watu wote na makoti. Nikapanda pale mbele, nikaona jeneza, nikaona Nekesa, na wasiwasi ukanishika. Nilikuwa nimejilinda sana nisiteleze kwa ulimi wa Mwalimu hadi nikasahau kujilinda na wangu.

"Mwarimu Simiyu," nikasema, "aritufundisha kurara mapema na kura vizuri."

Nikasikia mtu wa nyuma akikohoa kicheko. Nikapangusa uso. Nikavuta pumzi, nikaendelea pole pole, nikichagua kila herufi: "Na uwanjani, alikuwa akituambia kila siku, inueni magoti."

Wanaume ambao walikimbia chini ya huyo mtu miaka yote waliniangalia kama wamekosea kanisa. Niliona wazi kwamba nimemzika kabla hajafika Bungoma.

Halafu sauti ikatoka kiti cha mbele. Ilikuwa ya Mama Nekesa, mjane wake, ambaye asubuhi yote hakuwa amefungua mdomo.

"Hakusema hivyo."

Nikamwambia pole mama, sijasikia.

"Mzee wangu hakusema magoti," akasema. "Alisema makoti. Sema vile alisema."

Nikamwangalia Nekesa. Alikuwa amejifunika uso na ile karatasi ya ratiba ya ibada. Nikarudi kwa maikrofoni, na ile sauti ikatoka yenyewe, ya Bungoma kabisa.

"Makoti juu."

Odhis alikuwa wa kwanza. Alisimama kule nyuma, mtu mzima mwenye kitambi, mzee wa kanisa, akavuta koti lake mpaka likafunika kichwa. Halafu mwingine. Halafu safu nzima. Kanisa la watu wazima wamesimama bila vichwa, wengine wanacheka, wengine mabega yanatetemeka kwa kulia, na pasta wa watu ameshika Biblia kwa mikono miwili hajui kama huu ni mwendo wa ibada ama fujo. Mimi nililia mbele ya watu wote na sioni haya kuandika.

Nikawasimulia ile ya Mkuu na barafu, kwa sauti yake, mwanzo mpaka mwisho.

Baadaye tuko nje, gari la maiti linapakiwa maua, Nekesa akanijia. Nikaanza kuomba msamaha kwa sababu nilimwahidi. Akatikisa kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Aliangalia chini, kwa viatu vyangu.

"Na hiyo mkuu yako," akaniuliza, "ilipona?"

Nikamwambia ilipona. Nikauinua nikauzungusha aone.

Funzo langu ni hili tu, wakuu. Tukijaribu kumsafisha mtu ili apendeze mbele za watu, tunaweza kujikuta tunamzika mtu mwingine. Mwalimu wangu hakuwahi kuitamka G maishani mwake na alinirudishia mguu.

Sasa mnajua kwa nini nacheka nikisema wakuu. Mimi huwa nasalimia miguu yenu.

Wekeni hapa chini mwalimu wenu na neno lake, na mliandike vile alilisema yeye. Na yule mama wa kantini, kama mwanawe anasoma humu, amwambie Mkuu alishuka.

Makoti juu.