Kichwa Kilichosukwa Nusu

Ilikuwa mwaka ule barabara ya mbele ya saluni ilipowekwa lami. Hapana, nimechanganya. Lami ilikuja mwaka uliofuata, maana nakumbuka msusi bado alikuwa akinyunyiza maji mlangoni kila asubuhi ili vumbi lisiingie kwenye mafuta ya nywele. Basi ni mwaka ule alipokuja mchungaji mgeni. Ndiyo, huo.

Msusi huyo wateja walimwita Mkono Mwepesi. Wako wasusi wanaovuta nywele mpaka nyusi zinapanda, mtu anarudi nyumbani na uso wa kushtuka na usiku hapati pa kuweka kichwa. Yeye hapana. Ukikaa kwenye stuli yake, kitana kikianza kugawa mistari, unaweza kusinzia. Alikuwa na chumba kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na wifi yake, dada wa mumewe, aliyemsaidia kufumua na kuosha. Wifi mwenyewe mdomo wake haukujua likizo.

Jumapili moja mchungaji akauliza kanisani, "Kila mmoja wetu Mungu alimuumba kwa kusudi. Wewe lako unalijua?"

Wanakwaya wakatikisa vichwa, lao wanalijua. Mama wa shule ya Jumapili naye analijua. Mkono Mwepesi akajitafuta, hakuona kitu. Sauti ya kuimba hana. Kusoma mbele za watu anatetemeka. Swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akafunga, akaomba, mpaka sketi zikaanza kumshuka kiunoni. "Bwana," alikuwa akisema, "mimi nipo nipo tu?"

Jibu alilolipata nadhani alijipatia mwenyewe, ingawa yeye alisema limetoka juu: wateja wanakaa mbele yangu nusu siku, hawana pa kukimbilia. Nitawahubiria.

Akaanza. Mistari miwili, andiko. Mistari miwili, moto wa milele. Akikolea yeye, mkono nao unakolea. Wateja wakaanza kusema, "Nitapita kesho, shoga," na kweli kesho walipita, ila upande wa pili wa barabara.

"Wifi," akaambiwa na huyo dada wa mumewe, "hawa watu wanaleta vichwa visukwe, si vikatwe."

"Neno la Mungu linauma, wifi yangu."

"Kinachouma ni kitana. Na wamekupa jina jipya, una habari? Askofu wa Utosi."

Akanuna, lakini hakuacha. Angeachaje? Akiacha anarudi kuwa yupo yupo tu.

Ndipo akaja mwalimu wa chekechea, mama mpole, akaomba mistari ya kurudi nyuma. Alikaa ametuliza mikono mapajani. Mkono Mwepesi akaona leo udongo ni laini, akaingia kwenye mambo ya watoto. Mtoto ni zawadi ya Bwana, akasema, na nyumba isiyo na mtoto ijichunguze. Akalizungusha hilo, akalirudia. Upande mmoja wa kichwa umeisha, wa pili umesimama kama ufagio, mwalimu akainuka. Akachukua kitambaa chake akajifunga.

"Inatosha, dada."

"Lakini bado huu upande..."

"Inatosha."

Akatoka. Wifi akachukua ufagio, akaanza kufagia sakafu iliyokuwa safi.

Jioni Mkono Mwepesi akaenda kwa mchungaji, akamkuta anapiga pasi shati. "Mchungaji, Mungu amenikataa. Mtu ameukimbia ujumbe wangu na nusu kichwa."

"Pole. Ana shida gani huyo mama?"

"Sijui."

"Hakukuambia?"

"Angeniambia saa ngapi? Nilikuwa naongea mimi."

Akasikia mwenyewe alichosema. Mchungaji akageuza kola, akaendelea na pasi yake.

Kesho yake akatia kitana, mafuta na vibanio kwenye mkoba, akaulizia nyumba ya mwalimu, akabisha hodi. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku ya harusi yake. Mwalimu akafungua, kitambaa kichwani.

"Nimekuja kumaliza," akasema Mkono Mwepesi. "Na nisamehe, dada. Leo mdomo nimeuacha saluni."

Mwalimu akavuta kiti cha jikoni, akakaa, akafungua kitambaa.

Mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya, ingawa maandiko yalimjaa mdomoni akayameza moja moja. Wa tatu mwalimu akaanza kusema, taratibu, akitazama ukutani kama anayeuambia ukuta. Alikuwa amezaa mtoto, akamzika, na watu wa nyumbani kila akimtaja wanabadilisha mazungumzo. Nguo za mtoto bado zimekunjwa kabatini. Alisema mtoto alivyofanana na baba yake masikio. Mkono Mwepesi alisikiliza. Machozi yalimtoka, akayafuta begani ili yasidondoke kwenye mafuta, na vidole vikaendelea, vyepesi kama zamani.

Alipomaliza, mwalimu akamwambia, "Niombee basi."

Akaweka mikono juu ya mistari mipya. Maneno yote yalikuwa yamemwisha. "Bwana, umemsikia," akasema. "Amina."

Wateja walirudi kidogo kidogo. Wengine nywele zao zilikuwa nzima kabisa, wakasema fumua usuke upya, kisha wakaanza kusimulia yao. Na mchungaji alipouliza tena lile swali lake, Mkono Mwepesi alisimama.

"Kusuka, mchungaji."

"Na kunyamaza!" wifi akadakia kutoka benchi la nyuma. "Mungu atukuzwe!"

Kanisa zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, akakaa chini ametulia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Mimi kuna jambo moja tu linalonisumbua katika habari hii. Nilimuuliza mchungaji, akatabasamu. Nikamuuliza wifi, akasema mzee, kunywa chai yako. Mwalimu mwenyewe nilimwonea haya. Yule mama alikaa siku ile na uchungu wake, akavumilia, kisha akainuka na nusu kichwa na kutoka barabarani watu wakimtazama. Na asingetoka, Mkono Mwepesi angekuwa anahubiri mpaka leo. Sasa, yeye aliinuliwa na nani, uchungu wake au Mungu?