Kati ya Saa Tisa na Saa Kumi

Torgeir Myrvang alikuwa fundi na mtunzaji wa shule ya msingi ya Bremvåg, mji mdogo wa wavuvi kaskazini mwa Norwe. Watu walisema ukimpa bisibisi na nusu siku, hata meli iliyozama atakurudishia. Maneno hakuwa nayo mengi. Alikuwa na mikono, na mikono ilimtosha, mpaka vuli ile bintiye Eldrid alipokataa kutembea.

Eldrid alikuwa na miaka mitatu na nusu. Miguu yake ilijaa michubuko ambayo hakuna aliyejua ameipata wapi, na rangi ilimtoka usoni. Siku walipompima damu, jioni yake walikuwa tayari ndani ya ndege kwenda hospitali kubwa ya Tromsø. Saratani ya damu. Matibabu yangechukua miaka miwili na zaidi.

Mkewe, Åshild, alikuwa na kichanga cha wiki tatu, Sivert, na kichanga hakiruhusiwi kulala kwenye wodi ile. Basi wakagawana watoto kama wasafiri wanavyogawana mizigo. Mama akabaki na anayenyonya, baba akaenda na anayeumwa.

Daktari Wenche alimpandikizia Eldrid kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, pa kupitishia dawa. Kila kilipochomwa sindano, alipiga mateke na kuuma, na lazima mtu amshike. Torgeir ndiye aliyemshika. Mikono ile ile iliyomfundisha kupiga makasia ikawa inamkandamiza kitandani huku akilia, "Baba, waambie waache!" Naye Baba hakuwaambia waache.

"Wewe si baba yangu tena," Eldrid alimwambia asubuhi moja, uso umevimba kwa dawa hata macho hayaonekani vizuri.

"Ni nani basi?"

"Ni Mshikaji."

"Haya. Mshikaji anauliza, utakula nini?"

"Viazi. Na siagi. Na usinitazame nikila."

Alimchemshia viazi kwenye jiko la wazazi pale wodini, akakaa ameupa ukuta uso wakati mtoto anakula. Dawa zile zilimpa njaa ya ajabu na hasira zaidi ya njaa. Siku viazi vilipopoa, alivirusha sakafuni kimoja kimoja, kisha akalia kwa kuwa vimeisha.

Lakini dawa zilifanya kazi. Mwaka wa pili waliruhusiwa kukaa nyumbani, vidonge kila jioni, Tromsø mara moja moja. Nywele ziliota, nyeusi kuliko za zamani. Kwenye mlango wa friji ilibandikwa karatasi ya hospitali: homa ikifika nyuzi thelathini na nane na nusu, piga simu papo hapo, usingoje. Kinga ya mwili wake ilikuwa kama nyumba isiyo na milango.

Jumatatu moja ya Machi, Eldrid akiwa ametimiza miaka mitano, Åshild alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na Sivert yuko kwenye kituo cha kulelea watoto. Torgeir alibaki na binti. Saa tisa alasiri alimkuta amejilaza kwenye kochi, kimya, mashavu mekundu. Akampima. Thelathini na nane nukta saba.

"Imesemaje?" Eldrid akauliza.

Torgeir akakifuta kipimajoto kwa shati lake.

"Nimeshajua. Uso wako umesema." Akakaa. "Baba, tusiende sasa hivi. Tuoke wafeli kwanza."

"Eldrid, unajua sheria."

"Wafeli tu. Halafu nitakaa kimya wakinichoma. Sitakuuma."

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Mtoto wa miaka mitano anafanya naye biashara ya meno yake mwenyewe. Torgeir alitazama simu mezani, akatazama karatasi kwenye friji. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuwahi kumwambia mtoto huyu ndiyo kwa jambo lolote la maana.

"Haya," akasema. "Wafeli."

Alitoa chuma cha kuokea vile vikeki bapa vya vishimo, akamkalisha binti juu ya meza ya jikoni. Eldrid akapasua mayai. Moja likaishia sakafuni, naye akacheka mpaka akakohoa. Akamwamuru baba yake afungue dirisha, akachota kijiko cha theluji kwenye ukingo wake, akaipaka jamu ya stroberi.

"Onja, Mshikaji."

"Baridi!"

"Ndiyo maana inaitwa theluji, mjinga wewe."

Wafeli alikula nusu. Kisha akapanda kifuani kwa baba yake kwenye kochi akalala, na Torgeir akahisi joto lake likipenya shati. Saa kumi mtoto alianza kutetemeka. Thelathini na tisa nukta sita. Hapo ndipo Torgeir alipopiga simu.

"Homa imeanza lini?" akauliza mhudumu wa gari la wagonjwa.

"Saa kumi," akajibu Torgeir. "Sasa hivi."

Walimwanzishia dawa hospitali ndogo ya jirani, ndege ikamchukua Tromsø. Bakteria walikuwa wamekwisha kuingia kwenye damu. Åshild alifika usiku huo huo. Alhamisi asubuhi, wazazi wote wawili wakiwa wamelala ubavuni pake, mmoja huku na mmoja kule, Eldrid alikata roho.

Kabla hawajaondoka, Torgeir alimfuata Wenche kwenye korido.

"Kama tungewahi kidogo? Tuseme saa moja?"

"Sijui, Torgeir. Wengine huwahi na bado tunawapoteza. Nikisema najua, nitakuwa mwongo."

Jeneza alilichonga mwenyewe kwenye karakana ya shule, kwa mbao za msonobari, akalipiga msasa siku mbili wakati siku moja ingetosha. Watu wa Bremvåg walileta supu na mikate, wakasema walichojua kusema. Kila aliyemwambia "ulifanya yote uliyoweza", Torgeir aliinamisha kichwa kama mtu anayepigwa.

Alivumilia hadi Mei. Walikuwa nje wakianika nguo yeye na Åshild, naye akashindwa kuendelea.

"Homa haikuanza saa kumi," akasema. "Ilianza saa tisa. Nilijua. Nilingoja."

Åshild alishika shuka mkononi asiitundike. Kisha akaiweka kwenye beseni, akaingia ndani, akamfunga Sivert kwenye kiti cha gari, akaenda kwa dada yake. Hakuaga. Torgeir alimaliza kuanika.

Siku kumi na mbili hakupiga simu. Siku ya kumi na tatu gari liliingia uani. Åshild alimlaza Sivert, akaja akaketi mbele ya mumewe, koti bado mwilini.

"Hiyo saa," akasema. "Mlifanya nini?"

"Åshild..."

"Nimekuuliza. Kwa miezi miwili nimekuwa nikidhani mtoto wangu siku yake ya mwisho nyumbani ilikuwa homa na gari la wagonjwa. Kumbe kuna saa nzima sijaambiwa. Nipe."

Basi Torgeir, mtu wa maneno machache, akaongea kuliko alivyopata kuongea maishani. Yai sakafuni, dirisha, kijiko cha theluji. Aliposema "mjinga wewe", Åshild alicheka, mkono mdomoni, na kicheko kikageuka kilio bila mpaka kuonekana.

"Alicheka kweli? Hunipambii?"

"Mpaka akakohoa."

Åshild akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Siwezi kukusamehe leo," akasema Åshild.

"Sijakuomba."

"Najua. Labda mwaka ujao. Labda nisiweze kabisa." Akavua koti. "Jamu ilikuwa ya nini?"

"Stroberi."

"Alilala upande gani?"

"Kushoto. Sikio lake lilikuwa hapa."

Chumbani Sivert akaanza kulia. Åshild akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Ngoja hapo," akasema. "Nikirudi anza tena, tangu mayai."