Vijiko Vitatu vya Mjomba

Mvuje huna haja ya kuutafuta. Wenyewe hukufuata puani. Ni utomvu mkavu wa mmea, huuzwa kwa vipande vidogo, na harufu yake ni ya kitunguu kilichoozea ndani ya soksi. Ukikaangwa kidogo kwa mafuta huwa mtamu, ndiyo maana Wahindi huutia kwenye dengu ili tumbo lisijae gesi. Kwetu Rongai, mwaka niliokuwa darasa la nne, hakuna aliyejali habari ya kukaanga. Nyumba yetu ilinuka mvuje tangu mavuno ya mahindi hadi karibu na Krismasi. Blanketi zilinuka, sare yangu ya shule ilinuka, hata maziwa yalinuka, na aliyetuletea balaa hilo alijiona ametuletea elimu.

Huyo alikuwa Mjomba Samsoni, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa amepika miaka mingi Milimani, mjini Nakuru, kwa bibi mmoja Mhindi, mjane, aliyefuata tiba ya kale ya kwao iitwayo Ayurveda. Kila baada ya chakula cha mchana bibi huyo alilamba nusu kijiko cha unga wa binzari nyembamba, tangawizi kavu, chumvi nyeusi na mvuje wa kukaanga kiasi cha punje ya mtama. Chakula kikateremka, akaenda kulala. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote ambayo mjomba alistaafu nayo. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliposhuka Rongai na mikebe yake, watu walimwita Daktari, naye hakumsahihisha mtu.

Ningemsamehe kama angebaki na nusu kijiko. Majirani wa kwanza waliolamba ule unga walitazamana. "Hii ni dawa ama ni ya kuweka kwa mchuzi?" mmoja akauliza. "Dawa gani tamu hivi?" Kwetu dawa isipokuadhibu si dawa; sindano isipouma, utasikia mtu akilalamika kwamba amedungwa maji. Mjomba alikuwa na nafasi ya kuwaeleza kwamba unga ule ulikuwa wa kumsaidia mtu mzima wa afya aliyeshiba, si wa mgonjwa. Badala yake alirudi jikoni akaongeza pilipili kichaa, akazidisha mvuje mbichi, na nusu kijiko kikawa vijiko vitatu vya mezani katika kikombe cha maji moto. Wagonjwa walikohoa, wakatokwa machozi, wakashikilia ukuta, kisha kesho yake wakarudi na jamaa zao. Sijawahi kuona watu wazima wakijivunia upumbavu kwa pamoja namna ile. Nami nilikuwa mpumbavu mwenzao: mimi ndiye niliyekuwa nikikoroga kikombe, na shuleni nilijiita msaidizi wa daktari.

Mama alikuwa na maumivu ya tumbo, moto uliomwakia kila aliposikia njaa. Baba alitaka kumpeleka hospitali; mjomba akasema hospitali ni ya wasio na jamaa. Mama hakuweza kumkatalia kaka aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Akanywa asubuhi na jioni, mimi nikikoroga. Machozi yalipomtoka, mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona? Inafanya kazi. Ugonjwa unatoka." Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na safari hii hawakuwa wakisema kwa mafumbo. Wiki ya nne mama alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa, akaanguka kando ya rundo la magunzi.

Hospitalini Nakuru, daktari wa kike, bado kijana, alimuuliza, "Mathe, umekuwa ukikunywa dawa gani?" Mama, midomo imemkauka, alimtazama kaka yake aliyesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. "Chai tu, daktari," akasema. Baba akaangalia sakafu. Mtu alikuwa akivuja damu tumboni, na watu wazima watatu walikuwa wakilinda heshima ya mkebe. Niliwadharau wote watatu, hata mama, niliyempenda kuliko wote, nikaanza kulia kwa hasira.

"Ni pilipili na mvuje," nikasema. "Vijiko tatu asubuhi, tatu jioni. Mimi ndio hukoroganga."

Daktari hakucheka. Alisema mama alikuwa na kidonda cha muda mrefu ambacho kingeweza kutibiwa mapema, na kwamba kikombe hicho kisimguse mdomo tena. Mama akaongezwa damu, akapona polepole kwa vidonge. Mjomba aliniambia jambo moja tu, mlangoni: "Umeniaibisha mbele ya watu."

Siku hizi naishi Nakuru, na unga wa yule bibi umepata wateja wapya. Maduka huuuza katika vichupa vyenye picha ya jani, eti husafisha tumbo, hurudisha ujana na kuondoa huzuni. Watu waliosoma hukaa na maumivu mwezi mzima wakilamba vichupa, huku wakiwacheka wazee wa Rongai. Mimi pia hulamba kidogo nikila maharagwe mengi, kwa sababu ni mtamu na gesi hupungua; zaidi ya hapo siudai kitu. Mama bado yu hai, hula kwa wakati, hucheka. Mjomba amezeeka na hatoki nje. Kila nikienda nyumbani, mama hunishika mkono kwa nguvu zake zote na kuniambia, "Nenda umwombe mjomba wako msamaha kabla hajafa." Nami humwitikia kwa heshima. Sijaenda, na sitaenda.