Kidole cha Mama wa Mawese

Mwisho wa benchi la zahanati ya Mbau ni patupu siku hizi, na Muyisa, muuguzi, bado hamkalishi mtu pale. Ni pa yule mama muuza mawese, mmoja wa waliokubali kujaribu dawa mpya ya malaria, wengine wakipewa dawa yenyewe, wengine unga wa kulinganisha. Alikuwa akinyoosha kidole kitobolewe kabla hajaitwa, kidole chekundu kwa mafuta, hata siku ya kwanza Muyisa akapaka mawese kwenye kioo cha kupimia akidhani ni damu. Tangu hapo mama alikisugua kwanza kwa jani la mgomba, akicheka chini chini.

Mwaka wa uasi, uvumi ukaenea kwamba damu ile inauzwa. Watu wakaanza kuondoka. Mama wa mawese akapita mbele, akaketi wima.

"Mama, hata mimi sijui kama unameza dawa ama unga mutupu," Muyisa alimwambia.

"Hapana neno, munganga. Kama yangu ni unga, ya mwenzangu itajulikana kupitia mimi. Toboa." Kisha akawageukia waliosimama mlangoni. "Na damu yangu bakiiuza, wateja batakaangia ndizi."

Wakacheka, wakarudi kukaa.

Sasa amehamia Eringeti, anauza mawese kando ya barabara.