Masale Kuzunguka Jiwe la Kanisa

Baba yangu alikuwa na hasira za karibu, na mimi nimezirithi zote, kwa hiyo msitegemee nisimulie haya kwa upole.

Sisi ni Wachaga wa kuja, tulilima vitunguu kule Baray. Kabla ya hapo tulikuwa na kiwanja Karatu mjini. Wakaja wapimaji, wakachimbia mawe ya mpaka, kufumba na kufumbua tukaambiwa si chetu. Baba hakusahau. Akimkuta mtu amesimama kando ya shamba lake anatazamatazama, anamfuata na jembe.

Pembeni mwa shamba hilo ndipo lilipokuwa kanisa la kwanza la Wakatoliki wa pale, la miti na nyasi, lililoanguka zamani. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, kigango, yaani waumini wa Kikatoliki wa pale, kikataka kuweka jiwe la kumbukumbu. Mwenyekiti wa kigango alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba tumbo moja, mtu wa utani na kicheko, aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua malaria.

"Jiwe tu," baba alisema.

"Jiwe tu, kaka," akajibu.

Baba akaenda Wasso kuuza vitunguu. Aliporudi, vumbi la basi limemjaa mpaka kwenye kope, akakuta jiwe limesimama, limeandikwa vizuri, lina msalaba juu, na limezungushiwa masale mabichi, yale majani marefu ya kijani. Mengine yalikuwa ndani kabisa ya vitunguu vyake.

Majirani zetu Wambulu waliona majani ya kupendezesha. Lakini kwetu Kilimanjaro, masale yakipandwa kwa mstari ni mpaka. Hupandwa pia kaburini, na baba mdogo aliyapanda kwa maana hiyo, kuwaheshimu wazee waliosali pale wakafa. Baba aliona mpaka. Hakuuliza! Jamani, angeuliza tu.

Akayang'oa yote. Kisha akachukua nyundo ya kupasulia mawe akalipiga lile jiwe mpaka msalaba ukadondoka. Jumuiya ya waumini ilikuwa inasali nyumba ya pili, wakatoka mbio. Baba mdogo alifika wa kwanza, akamkumbatia kwa nyuma.

"Kaka, acha! Hakuna anayetaka shamba lako!"

Baba akajinasua, akaokota jembe, akampiga kwa mpini usoni, kwenye macho. Nilisikia mfupa ukivunjika. Baba mdogo akapiga magoti, damu inapita kati ya vidole vyake, na baba akampiga tena. Ndiyo, tena, akiwa amepiga magoti. Nilimchukia baba yangu wakati ule.

Hapo vijana wa kwaya wakamvamia baba kwa fimbo na mateke. Watu waliotoka kusema Salamu Maria sasa hivi! Wakamvunja mbavu. Chuki yangu ikageuka upande, nikamng'ata mmoja mkono mpaka nikaonja damu, akanirusha juu ya vipande vya saruji. Kovu ninalo kwenye goti. Mama ndiye aliyetuokoa, kwa kulala juu ya baba na kuwaambia waanze na yeye.

Baba mdogo alilazwa, macho yote yamefungwa bandeji. Hakuwa na mke, kwa hiyo mama alikuwa akimlisha. Daktari alikuwa ameshamwambia mama kwamba jicho moja limepotea, na la pili ni la kumwomba Mungu.

Siku baba alipoweza kutembea, alikuja nasi hospitalini, kifua kimefungwa. Njia nzima alikuwa akirudia kwa sauti ya chini maneno ya kuomba msamaha. Tulipofika, mama akatoka kufua shuka. Baba akakaa kitandani, akachukua bakuli la mtori wa ndizi, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akapeleka kijiko.

Baba mdogo akameza.

"Asante, shemeji," akasema. "Lakini nakuomba, yule mumeo asikanyage hapa. Nikisikia sauti yake nitakufa."

Nilimtazama baba. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuthubutu hata kuvuta kamasi. Akachota kijiko kingine, akakipuliza taratibu, akamlisha mdogo wake.