Dereva Asiyejua Kifaransa

Kilichoanza kunitia kinyaa ni kucha. Mwimbaji, mzee wa miaka sitini na ushei aliyejibana ndani ya suruali ya ngozi, alivua viatu ndani ya gari langu, akaweka mguu juu ya kiti cha mbele yake, akaanza kukata kucha za miguu. Vipande viliruka hadi kwenye zulia nililolisafisha alfajiri. Kando yake meneja alikuwa akila tende na kutema kokwa sakafuni, utadhani Riyadh nzima ni jalala lake. Mimi nilitazama barabara.

Nilikuwa dereva wa kampuni inayowahudumia wanamuziki wanaoalikwa Saudia siku hizi. Bendi hii ya roki ilitoka Ufaransa: wazee wanne waliopiga pamoja tangu ujana wao, na sasa wameitwa kupiga Riyadh, kisha Jeddah. Kwa siku tatu niliwachukua hotelini na kuwarudisha, na siku zote tatu walizungumza Kifaransa mbele yangu kama watu wanaoongea mbele ya kabati.

Kumbe kabati lilisikia kila kitu. Kabla ya kuja huku niliendesha trela kutoka Mombasa hadi Bujumbura na Bukavu kwa miaka sita, na Kifaransa nilikiokota huko, mipakani na kwenye magereji. Lakini wiki yangu ya kwanza Jeddah, Mkenya mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Kandara alinikalisha chini.

"Buda, hapa usijifanye msomi," aliniambia. "Bosi akijua unaskia lugha yake, halas, hakuamini tena. Wewe sema mafi, sijui, endesha gari."

Nikaishika hiyo. Wengi wetu tunaishi hivyo. Namjua dereva mmoja anayeelewa Kiarabu cha madam wake hadi matusi, na mwaka wa nane huu anajitia hamnazo. Nilimwona mjanja, na mimi mwenyewe nikajiona mjanja.

Siku ya pili nusura nijianike. Mwimbaji alisimulia kisa cha askofu aliyekwama dirishani akitoroka nyumba ya watu, nikajisahau, kicheko kikanitoka puani. Nilikigeuza kikohozi. Nilipoinua macho kwenye kioo, mpiga dramu alikuwa ananitazama.

Siku ya tatu mpiga dramu alibaki nyuma kufunga ngoma zake. Mimi nilikuwa na mwimbaji na meneja tu.

"Mikono imekwisha," mwimbaji alisema. "Jana alichelewa nyimbo tatu."

"Jeddah tutatumia mdundo uliorekodiwa," meneja alijibu. "Fundi atazima maikrofoni za dramu. Ila kwenye vidude vyake vya masikioni atamwachia ajisikie mwenyewe, asijue kitu. Tukifika nyumbani tunampa barua."

"Atalia."

"Alie." Akatema kokwa.

Kusema kweli, hata mimi nisiyejua roki nilikuwa nimemsikia akichelewa. Hilo silikatai. Mzee akichoka, mwambie amechoka, umshike mkono mteremke naye. Lakini kumpandisha jukwaani mbele ya maelfu, atoke jasho, arushe mikono, huku ngoma zake zimezibwa mdomo! Wamemvika kilemba cha ukoka, kisha wanakula tende. Nilifungua dirisha, nikatema mate. Meneja akaniambia kwa Kiingereza nifunge, joto linaingia.

Kesho yake wenzake walipanda ndege. Mpiga dramu alikataa, kwa sababu hakuwaamini wapagazi wa uwanjani na ngoma zake, akaja nami kwa barabara. Tukawa wawili, jangwa lote mbele yetu, na Kiingereza chake kibovu na changu kibovu vikakutana katikati.

Alinisimulia bendi yao tangu mwanzo. Walianzia stoo ya baba yake, mwoka mikate, wakipiga katikati ya magunia ya unga hadi nywele zikawa nyeupe wangali vijana. Baba huyo aliuza gari lake la kusambazia mikate ili wanunue spika za kwanza. Mwimbaji, ambaye kwao walimfukuza, alilala nyumbani kwa mwoka mikate huyo miaka miwili na kula mezani pake. Baadaye walipata jina, wakajaza viwanja, mwimbaji akawaacha akaimbe peke yake, akashindwa, akarudi. Nani aliyemfungulia mlango? Yeye huyu mpiga dramu. Halafu nyimbo zao zikazeeka, wakawa watu wa kualikwa kwenye sherehe za miji midogo, hadi Saudia ilipowaita.

"Hii ndiyo safari yangu nzuri kuliko zote," aliniambia, akigonga dashibodi kwa vidole.

Tulisimama kunywa chai Al-Hada, juu ya Taif, pale nyani wanapokaa ukingoni wakingoja wapita njia. Chai ilimmwagikia kidogo mkononi, akaificha mikono mapajani. Nilijua hapo ndipo pa kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni, na kwa Kifaransa kizuri tu. Lakini ikama yangu, kibali cha kukaa huku, ilikuwa kwa kafili, mwajiri aliyenidhamini, ikisubiri kufanywa upya, na meneja angejua siri imetoka kwa nani. Nikamwambia, "Yalla, tuondoke, barabara ya kushuka ina kona nyingi."

Jeddah nilisimama mbele kabisa, karibu na spika. Mzee alipiga kama mtu anayefukuza moto. Mara mbili fimbo ilimponyoka, na mdundo ukaendelea bila yeye, safi, bila aibu. Watu walishangilia. Mwimbaji alimwonyesha kwa mkono, kisha akamwinamia. Sikungoja wimbo uliofuata, nikaenda kusimama kwenye maegesho.

Asubuhi niliwapeleka uwanja wa ndege. Mpiga dramu alikaa mbele, nami. Njia nzima aliyatazama magari.

"Wewe ulikuwa karibu na spika jana," aliniambia ghafla, kwa Kiingereza. "Ngoma zangu zilisikika?"

Nyuma yetu meneja aliacha kutafuna.

"Sana, bosi," nikasema. "Zilisikika sana."

Meneja akacheka, akamwambia mwimbaji kwa Kifaransa kwamba hata dereva wamempata mzuri.

Pale uwanjani wenzake waliingia ndani. Yeye alibaki kunipa mkono, hakuuachia. Akasema kwa Kifaransa, polepole, kama anavyosemeshwa mtu anayeelewa:

"Tangu kisa cha askofu nilijua unaelewa. Nilikuuliza wewe kwa sababu wale hawawezi kuniambia kweli. Sasa hawapo. Niambie."

Hapakuwa na meneja, hapakuwa na kafili, hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa yeye.

"Sori, bosi," nikamjibu kwa Kiingereza. "Sijui Kifaransa."

Akauachia mkono wangu, akaingia ndani. Mimi nilirudi garini, nikapiga magoti nyuma ya viti na kuanza kuokota kokwa za tende, moja moja, kwa vidole vyangu.