Kitufe cha Shikamoo

Wiki hii, kwenye duka la intaneti hapa Majengo, kijana wa meza ya jirani alikuwa akitengeneza programu ya kompyuta mbili kuandikiana moja kwa moja. Alikuwa amechora kitufe cha "Shikamoo". Upande wa pili usipobonyeza "Marahaba", maongezi hayafunguki.

"Nani anakuitikia?" nikamwuliza.

"Bado hakuna, mwalimu." Akahamia kompyuta ya pili, akabonyeza "Marahaba", akarudi kitini.

"Unajiamkia mwenyewe, baba!"

Akacheka, macho chini.

Nikaenda kukaa kwenye ile ya pili. Shikamoo ilipofika, nikaitikia. Yakaja maandishi: "Habari za nyumbani, mwalimu?"

Wanangu wote wamehamia Dar. Nikiulizwa hivyo njiani, mimi hujibu "nzuri" bila kusimama. Safari hii nilitafuta herufi moja moja, nikaandika: "Kimya."

Akajibu bila kugeuka, tumekaa bega kwa bega: "Hata huku."